Miezi Thelathini

Barua ya benki ya pili imekaa mezani siku nane,
imeshapata doa la chai.
Riba kumi na mbili nukta tisa, inasema kwa herufi nene,
kama mtu anayekuita kwa jina lako la utotoni.
Huku tunakolipa ni kumi na nne na nusu.
Nilipotia sahihi ilikuwa kumi na moja.
Ilipanda kama maji ya bamvua:
hukuyaona yakija, ulihisi tu unyayo umelowa.

Kazi yangu mimi ni mizani, pale Kilindini.
Lori linapanda, namba inasimama, naandika.
Miaka kumi na tisa sijabishana na namba.
Lakini hizi zina miguu.

Kila mwezi nitabakiwa na elfu sita na mia tatu:
maji ya mkokoteni, na vitabu vya Tima, na chenji.
Halafu chini, kwa maandishi ya kutafutia miwani,
wakili, mthamini, ushuru wa stempu,
na faini ya kuwalipa wa zamani kabla ya wakati.
Faini ya kulipa deni! Nilicheka peke yangu jikoni.
Jumla, laki moja na elfu themanini na tisa.
Nikagawanya.
Miezi thelathini kabla shilingi ya kwanza haijawa yangu.

Na deni lililobakisha miaka kumi na moja
linaanza upya, kumi na tano.
Mimi nitastaafu, lenyewe liko kazini.
Nikazidisha, nikafuta, nikazidisha tena:
mwisho wake nitakuwa nimewapa laki sita juu
ili nipumue leo.

Mthamini wao alikuja Jumatano, Bwana Nyambu,
na kitaa chekundu cha kupimia.
Akagonga kuta kwa kifundo cha kidole, akasikiliza.
Chumba cha tatu, akaandika, mita tatu kwa tatu na nusu,
hali: wastani.
Ndimo alimolala mama yake Saumu miaka miwili
mpaka asubuhi ile hakuitikia.
Kamba ya chandarua chake ingali kwenye nondo ya dirisha.
Ufa ulio nyuma ya kabati hakuuona.
Nilikuwa nimesimama mbele yake
kama mtoto aliyevunja kikombe.

Shemeji Mbwana anasema, hamia kwa wasiotoza riba, upate usingizi.
Nikamwambia, niletee karatasi zao nisome.
Ameahidi. Ameahidi tangu Shaabani.

Hati ya nyumba nimeiona mara moja,
siku ya kuikabidhi. Ina muhuri mwekundu
na kona moja iliyokunjika.
Nikihama, itatoka kwenye sanduku la Barabara ya Nkrumah
iingie sanduku la Barabara ya Moi.
Hapa Mikindani haitapita,
hata kusalimia.

"Wapiga hesabu ya nini usiku wote?"
Saumu, mlangoni, kanga kichwani, jicho moja limefumba.
Nikamweleza yote, na ile miezi, na ile miaka.
Akapiga mwayo.
"Na hawa wa kale, umewauliza kama watakupunguzia?"

Sikuwauliza.
Miaka saba nimelipa kila tarehe tano bila kukosa,
hata mwezi ule bandari ilipolala,
na haikunijia kwamba anayelipa naye ana mdomo.

Basi Jumatatu nitakwenda kwa yule binti Jefwa wa dirisha la mikopo,
barua ya wenzake mfukoni mwa shati,
jina la benki lichungulie kidogo.
Sitabembeleza. Nitaiweka mbele yake
nikae kimya kama dereva aliyezima injini,
ningoje namba isimame.
Akikataa... sijui akikataa.
Nilikuwa naanza kuandika safu ya "akikataa"
saa tisa na robo usiku
bomba likakohoa, likatema upepo, likakohoa tena.
Maji.
Nikaacha kalamu, nikakimbilia ndoo.