Ardella, Kabla ya Ubeti wa Pili

Usiniulize alizaliwa lini.
Cheti kinasema Februari, yeye alisema Machi,
mama yake alisema ni siku ile theluji ilipofika dirishani
na mkunga akaingilia jikoni, koleo begani.
Truro, Nova Scotia. Nyumba ya mbao, hatua chache kutoka relini.

Baba alikuwa hamali wa treni ya usiku:
kutandika vitanda, kung'arisha viatu vya waliolala.
Abiria wote walimwita George.
Jina lake lilikuwa Lemuel Clyke.
"Ndiyo maana," Ardella aliniambia,
"mimi nikiimba neno, nalifikisha mpaka herufi ya mwisho."

Nilimpigia besi miaka kumi na mmoja.
Sikuwa hodari. Nilikuwa na gari.

Alikuja Montreal kwa tiketi ya bure ya mtoto wa hamali,
sanduku moja, viatu vya dada yake.
Mchana alifua mashuka ya hospitali.
Usiku alisimama ghorofa ya pili, juu ya duka la saa,
mbele ya watu wa reli waliokuwa wakinywa mishahara yao.
Wapo waimbao kana kwamba wanaomba.
Yeye aliimba kana kwamba anadai,
na alichelewa kuingia.
Hakusahau. Alichelewa.
Piano ilifika kwenye neno, ikamngoja, ikageuka kumtafuta,
nasi tukabana pumzi
kama watu wanaomtazama mtoto kando ya barafu changa,
ndipo akatia mguu, taratibu,
na barafu ikambeba.

Nyimbo zake aliziandika nyuma ya stakabadhi za dobi.
Noti hakuzijua. Alichora vilima na mabonde kwa penseli,
na penye kimya akaweka kiduara:
"Hapa mtu anavua koti."

Mwaka hamsini na tatu aliuza wimbo mmoja, dola arobaini,
kwa bwana wa Toronto mwenye glavu za ngozi.
Arobaini zikawa makaa ya mawe, na meno ya mama yake.
Wimbo ukapanda redioni umevaa jina la yule bwana.
Tuliusikia pamoja, garini, juu ya daraja,
mimi nikikodolea macho kioo kilichoganda.
Wanasema haki ya mtu haipotei.
Hupotea. Mimi niliiona
ikivuka mto kwa maili arobaini kwa saa.
Nilinyoosha mkono nizime. Akaupiga kofi,
akaongeza sauti.
"Ubeti wa pili kauharakisha," akasema.
"Huyo dada mwambieni hakuna anayemfukuza."

Kisha vilabu vikafungwa, kimoja kimoja, kama meno yanavyong'oka.
Duka la saa likavunjwa kupisha barabara kuu.
Mimi nikauza besi; gari lilikuwa limekwisha kufa.
Yeye akarudi kwenye mashuka, miaka ishirini na miwili,
akiimba chini ya ngurumo ya mashine
ili asisikike, au ili zipatane naye,
sikupata kumuuliza.

Siku ya kumuaga kazini walikata keki, wakamwomba wimbo.
Akauimba ule ule.
Muuguzi mmoja kijana, mwema kweli, akamshika bega:
"Mama, sauti unayo. Ila huu wimbo unauchelewesha.
Nina sahani yake nyumbani, nitakuazima."
Ardella akamshukuru.
Akaiazima sahani. Akairudisha Ijumaa,
imefutwa vumbi.

Tulimzika Januari. Ardhi ilipasuliwa kwa mashine.
Kanisani mpiga kinanda alikuwa na karatasi iliyochapwa,
na juu yake, kwa wino mzito, jina la glavu za ngozi.
Nilikuwa na penseli. Sikuandika kitu;
mkono wangu siku hizi hauandiki, unatetemeka tu.
Nilichora kiduara, pale, kabla ya ubeti wa pili.

Kinanda hakikukiona.
Kanisa zima likaingia kwa wakati wake.
Mimi peke yangu, mzee wa besi aliyeuza besi,
nilikuwa bado navua koti.