Sabini na Mbili

Makokha alichora mstari wa chaki ubavuni mwa tairi,
mwingine sakafuni, akaniambia: sukuma.
Landrova ya baba ikasogea kwa kuguna
mzunguko mmoja kamili, hadi chaki ikagusa tena saruji.
Futikamba ikasema: mita mbili na nusu.

Katika daftari lake lililolowa oili
tairi la kiwandani ni mbili na sentimita ishirini na saba.
"Geji haijui kwamba gari limevaa viatu vikubwa,"
akasema, akijifuta mikono kwa suruali.
"Yenyewe huhesabu mizunguko tu. Urefu wa hatua haiuoni."

Nilikuwa nimeshaonja uongo wake.
Juma lililopita, barabara ya Mau Narok,
nguzo zilihesabu kilomita kumi, geji ikahesabu tisa.
Na pale mteremkoni, mshale umetulia themanini,
polisi akanionyesha kimashine chake: themanini na nane.
Akainama dirishani, akautazama mshale.
"Madam, huyu ni ndugu yako? Mbona anakufichia?"

Ndiyo maana nilikuja Nakuru na neno moja: rekebisha.

Matairi ya saizi hii baba aliyafunga mwaka wa tope,
mwaka ambao hata trekta zilivutwa na ng'ombe.
Alikuwa daktari wa mifugo wa ushirika,
akilipwa kwa kilomita:
tarakimu za geji, saini,
na muhuri wa karani Gathungu kila Ijumaa.
Nikapiga hesabu pale pale, juu ya debe.
Kila mia aliyoandikiwa
iliacha kumi, kumi na moja, zimelala njiani bila jina.
Miaka kumi na minne.
Ule usiku wa Mauche, ndama akitanguliza miguu ya nyuma.
Zile asubuhi za chanjo, kabla hatujaamka.
Karo yangu ya muhula wa pili, iliyochelewa.
Hasira ikanipanda,
ya mtu aliyegundua leo kwamba aliibiwa utotoni.

Makokha akatema mate kitambaani
akafuta kioo cha geji,
lile vumbi jeupe la Nakuru
linaloingia hata ndani ya yai.
Na chini ya vumbi, kistari chekundu,
chembamba, kimetetemeka kidogo mwishoni.
Hakipo kwenye sabini. Hakipo kwenye themanini.
Kipo sabini na mbili.

Rangi ya kucha.
Naijua: ya mama, ya Krismasi,
kile kichupa tulichochapwa kwa ajili yake
mimi na Chelagat, na hatukukigusa.

Nikampigia simu. Alikuwa akichambua sagaa,
nilisikia mabua yakivunjika.
"Nilimchorea mimi," akasema. "Alipiga hesabu, mimi nikashika brashi.
Mshale ukifika hapo, barabara inasema themanini.
Hakutaka kuupita."

Na kilomita za ushirika, mama? Hizo hakuzihesabu?

Mabua yakaendelea kuvunjika.
"Alisema: karani anaamini anachokiona kwenye kioo.
Siku nitakayoanza kumwongezea cha kichwani mwangu,
hata ile kweli yangu ataipekua."
Kisha, baada ya muda:
"Tena baba yako alikuwa mvivu wa kuzidisha. Usimfanye malaika."

Makokha alikuwa akisubiri, bisibisi mkononi.
"Nibadilishe kigia cha geji?
Na hicho kistari usikiamini sana, matairi yamelika.
Themanini ya mzee sasa ni sabini na tisa."

Nikalipia grisi na balbu ya taa ya nyuma.
Nikatoka langoni, nikashika njia ya Njoro,
nikaupandisha mshale taratibu
hadi ukasimama juu ya ule wekundu.
Nikapitwa na lori la viazi.
Nikapitwa na jingine.