Nafasi ya Muhuri

Fomu inauliza jina la shule.
Tupo Mabela, meza ile ile ya jikoni
yenye duara la sufuria iliyounguza.
Asidi niliijua kwa siki na magadi,
sehemu kwa mkate wa kumimina:
vipande sita, watu saba.

Idadi ya wanafunzi darasani: mmoja.
Nafasi yako: wa kwanza.
Pia wa mwisho, ila hawakuuliza.

Mwalimu Mkuu atie saini na muhuri.
Mama anapangusa unga, anasaini polepole
kama anayekabidhi funguo.
Muhuri hana.

Mundhir, miaka minane, kachonga kiazi,
kakichovya kwenye maji ya zafarani:
neno NYUMBANI limetoka kinyume,
kulia kwenda kushoto.
Tulicheka, hadi Mama akaacha kucheka.

Kesho Al Khoud, dirisha la tatu,
karani ataniuliza: shule gani?
Nitamjibu kwa Kiarabu
alichojifunza Mama usiku, ukubwani,
ili asubuhi anifundishe mimi,
kila irabu mahali pake.
Na akishindwa kuusoma muhuri,
mkobani nimetia kioo.