Mafuta ya Difu

Asubuhi nimeipeleka Pijo hadi daraja la Sabaki na kurudi,
si kwa safari: mafuta baridi hayashuki,
yananata humo ndani kama deni la jamaa.
Sasa imekaa juu ya mawe manne, uani, Maweni,
pua na mkia sawa,
maana gari likiinama, kipimo husema uongo.

Jumwa wa jirani ameshika tochi ya simu.
Yuko kidato cha pili, haoni haya kuuliza.

"Tundu la juu kwanza," namwambia, "la kujazia.
Likikataa, la chini usiliguse.
Usimwage ulichonacho
kabla hujajua pa kutilia kingine."
Sikuyabuni mimi. Ni ya marehemu baba,
Famau wa kiwanda cha pamba,
aliyeinunua kwa mkopo wa miaka sita
na hakumruhusu fundi yeyote ailalie chini.
Sisi tuliona viatu vyake tu,
na viatu ndivyo vilivyotusomesha.

Spana imeteleza mara mbili. Gumba limechubuka.
Nimetukana; Jumwa akatazama ukuta kwa adabu.
Mara ya tatu skrubu ikalia, kwii,
ikaachia.

"Kwani ekseli isiwe chuma kimoja,
magurudumu yakazunguka pamoja, basi?"
Nikachora mchangani, kwa ncha ya bisibisi,
kona ya kwenda Mambrui:
gurudumu la ndani lina hatua chache,
la nje lina safari.
Ukiyafunga pamoja, moja litaburutwa
na mpira wake utalika.
Difu huyaacha yatofautiane,
na bado yafike saa moja.
"Kama mimi na Kahindi," akasema,
wala hakufafanua.

Nikafungua la chini.
Yakaja meusi, mazito, bila haraka,
uzi mmoja mrefu hadi kwenye beseni,
na harufu ikayatangulia: mayai viza, kiberiti.
Nikajua kabla ya kutaka kujua.

Baba alitia mafuta yasiyo na kiberiti,
akayafuata hadi Mombasa kwa basi la alfajiri,
kwa kuwa humu ndani chuma husukuma shaba,
na kiberiti huila shaba polepole
kama chumvi ilavyo mabati ya Gongoni.

Jumwa akainamisha tochi.
"Kuna dhahabu!"
Kweli, vumbi la kumeremeta lilielea,
kama pambo lililopukutika shavuni mwa bibi harusi.
Si dhahabu, mwanangu. Ni gurudumu lenyewe
linaondoka.

"Nani alitia mafuta mabaya?"

Ningeweza kumtaja fundi Karisa: amekufa, hatajitetea.
Ningeweza kusema walinipunja dukani.
Arubaini ya baba ilikuwa haijaisha.
Mtaliano wa Casuarina alisema atakuja na fedha taslimu,
nami nikamimina kopo la kwanza nililoliona,
isije ikanguruma mbele ya mnunuzi.
Haikunguruma. Mtaliano hakuja.
Nikasahau, miaka kumi na moja,
nikiisifu kila kituo cha petroli:
sikilizeni, hailii hata kidogo!

"Mimi," nikasema.
Jumwa hakujibu. Akanipa tambara.

Tuliisuuza mara mbili. Washa mpya, pete nyekundu ya shaba.
Kisha bomba la sindano, mpira mwembamba,
lita moja na nusu na kidogo, kidogo, kidogo,
hadi tundu la juu likatoa chozi,
nikangoja likome lenyewe.

Ndani ya kifuniko cha buti
kuna orodha ya baba, kwa kalamu ya risasi:
tarehe, kilomita, mafuta gani.
Chini ya mstari wake wa mwisho, patupu.
Nikaacha nafasi, nikaandika wa leo.
Halafu nikarudi kwenye ile nafasi,
nikaandika mwaka ule, na kopo lile,
na jina langu, lote,
hadi la babu.