Maji ya Pili

Nzuguni maji huja Jumanne na Ijumaa,
na Ijumaa nyingine hayaji.
Kwa hiyo hapa kwangu hakuna tone la kazi moja:
litaosha mchele, litasuuza sufuria,
ndipo litashuka ngazi mbili za mlango wa nyuma
kwenda kwa mwarobaini.

Shimo tulilianza Septemba,
ardhi imefunga kama duka siku ya msiba.
Sururu ikipiga, mkono ndio unaolia.
Nilidhani ni mwamba. Kumbe ni udongo mwekundu
uliopulizwa na upepo miaka
hadi ukasahau kuwa ni udongo.
Chilongani, kijana wa kibarua,
siku ya pili aliomba nyongeza,
siku ya tatu hakurudi.
Kofia yake ninayo hadi leo.

Samadi nilinunua kwa Mama Mendukwa, magunia mawili,
ya zizi kuukuu, isiyonuka tena.
Novemba mbuzi wake wakaja wakala mche,
jani, kikonyo, hadi kamba niliyoufungia.
Sikugomba.
Walifuata mali yao.

Mche wa pili niliuzungushia miiba ya mgunga.
Mchwa wakapitia chini.

Wa tatu nikauwekea jivu shinani
na chupa ya plastiki, kichwa chini,
kizibo nimekitoboa kwa sindano:
tone,
kimya,
tone,
kama mtoto anayenyonya huku usingizi unamchukua.

Huo niliusemesha, sioni aibu.
Leo yapo ya kunde, yamepoa.
Leo vumilia, bomba limekohoa hewa tupu.
Na Nyemo wangu nilimwogeshea pale pale
juu ya jiwe bapa, jua likizama,
povu likimteremka mgongoni kwenda kwenye mizizi.
Akauliza: Mama, ukinywa maji yangu
utakuwa ndugu yangu?
Nilikuwa na sabuni mkononi.
Nikamwambia, geuka.

Kupanda nimekuona: asubuhi moja,
koleo jipya, watu wamevaa fulana za kufanana, picha.
Kutunza hakupigwi picha.
Kutunza ni ndoo ya Jumatano
wakati mgongo unauma na hakuna anayekutazama.

Julai upepo ukaukwangua,
majani yote yakaenda kwa jirani.
Mama Mendukwa akachungulia juu ya ua:
Huo umekufa, ng'oa upikie.
Usiku nilitoka na tochi ya simu,
nikakwaruza gome kwa ukucha, kidogo,
kama unavyomfunua mgonjwa shuka.
Chini yake kijani,
chembamba kama uzi wa kushonea sare.
Nikarudi kulala.

Mwaka wa tatu, Oktoba, saa saba mchana,
bati linalia kwa joto,
nilitoka na beseni la maji ya vyombo
nikamkuta kuku wangu mweupe amelala shinani,
bawa moja amelitandaza vumbini.
Kivuli kilikuwa na ukubwa wa sinia.
Kilimtosha yeye,
mkia tu ndio ulibaki juani.

Alinitazama kwa jicho moja. Hakuhama.
Nikasimama na beseni langu kiunoni
nisijue niyamwage wapi maji,
maana pale pa siku zote
sasa pana mtu.