Dhiraa Moja ya Mbawa

Sanduku lilitoka Muskati kwa mkono wa msafiri.
Nasra kaandika juu yake: Baba, usichoshwe na kustaafu.
Ndani, ndege ya vita, vipande mia nne na kitu,
vyote kijivu, vimeshikana kwenye fremu zao
kama meno yaliyokwisha kumiminwa, hayajapata mdomo.

Nikacheka peke yangu.
Miaka thelathini na moja hospitali ya Chake,
chumba cha nyuma, ubavuni mwa jenereta,
nikiwachongea watu magego na chonge,
leo naletewa Spitfaya.

Nilianza na injini. Silinda kumi na mbili,
sita huku, sita huku,
mikono ikaijua kazi kabla yangu:
kindoano cha kukwangulia ukoga
kikapita kwenye mishono ya bati,
msasa wa jino ukalainisha ukingo wa bawa.
Mikanda ya kiti nimeikata
kwenye tyubu ya dawa ya meno.
Kifuniko cha kioo kikishafungwa haionekani.
Nani atajua?
Najua mimi.

Raya anapita na ungo wa karafuu:
"Nyumba yanuka petroli. Mtu mzima weye,
wenzio wako barazani wacheza bao."
Namwambia mbawa zikikamilika zitafika dhiraa.
Anautua ungo, analaza mkono mezani,
kiwiko mpaka ncha ya kidole.
"Dhiraa ya nani? Yangu au yako?"
Nikapima.
Yake.

Rubani alikuja amekaa, mikono mapajani,
kichwa hakizidi punje ya dengu.
Nimempaka uso mara tatu.
Mara ya kwanza alitoka mgonjwa,
ya pili, mlevi,
ya tatu nikamwacha hivyo hivyo,
rangi ya mtu aliyeamshwa usiku.
Mdomo kaufumba. Sijui kama meno yametimia.
Kwa umri ule gego la mwisho huwa halijaota.

Jumanne umeme ukakatika, tukawasha kibatari.
Wiki nzima nilikuwa nikiwaza
moshi wa injini huacha doa la rangi gani,
kumbe jibu linajiandika ukutani.
Nikachota masizi kwa brashi,
nikayapuliza nyuma ya mabomba.
Tangu usiku ule ndege ikawa imesharuka.

Zikabaki alama.
Unazikata, unaziloweka kwenye maji vuguvugu,
unangoja zijing'oe zenyewe kwenye karatasi.
Namba zikakaa. Miviringo ikakaa.
Kisha safu ya misalaba midogo myeusi
ya kubandika chini ya dirisha la rubani,
mmoja kwa kila ndege aliyoiangusha.
Nikaihesabu kama ninavyohesabu taya.
Tisa.

Najua kinachobaki mtu akiungua.
Siku moja niliitwa chumba cha maiti,
kitambaa kikafunuliwa, nikaulizwa: hii kazi ya nani?
Jino la mbele, la juu, limeegemea kushoto kidogo
kwa kuwa mwenyewe alitaka lifanane na la zamani.
Yangu, nikasema.
Nikataja jina.

Misalaba ikaelea kisahanini mpaka alasiri.
Raya akaikuta. "Misalaba!
Kwenye kisahani changu cha chai!"
Akamwaga uani, akakisugua kwa majivu mara tatu.
Sikusema kitu.
Chini ya dirisha pamebaki kijani kitupu.

Ikakosekana waya ya redio,
kutoka mlingoti mpaka mkiani.
Uzi wa cherehani mnene,
nailoni inang'aa kama uongo.
Raya alikuwa mlangoni anachana nywele.
Akanitazama ninavyohangaika,
akang'oa mmoja, wa mvi.
"Huu utashika?"

Tone la gundi ncha huku, tone ncha kule.
Upepo ukiingia dirishani unatetemeka.
Tukakaa tunautazama, sisi wawili, kimya,
chai inapoa.
"Haya," akasema, "umeshamtia redio.
Sasa mwambie huyo mtoto arudi kwao."