Mwiba wa Changu

Sheha kavua miwani, kaifuta kwa kanzu,
kaivaa tena. Idadi haikubadilika.
"Kaya yako, Faki, ina watu watatu."

Watatu: baba aliyenilea, na kitambulisho chake cha Mzanzibari,
kingo zimebabuka kwa jasho la miaka ya karafuu;
Riziki na Shaame, wazaliwa wa hospitali ya Wete,
vyeti vyao vina muhuri, vimelazwa ndani ya msahafu.

Mama hayumo.
Mama alikuja na vita vya Barawa mgongoni
na kadi ya ukimbizi iliyokwisha muda kabla sijavunja ungo.
Siku ya kujaza fomu alimwambia karani,
"Niazime chisu, nikate uzi wa bahasha."
Karani akainua kalamu: chisu?
Herufi mbili tu, na nchi nzima ikamtoka mdomoni.

Mimi simo.
Nilizaliwa kambini, upande wa Mombasa, usiku wa mvua,
na hapakuwa na mtu mwenye wino.

Bibi naye hayumo,
ingawa umri wa pensheni aliupita zamani
na magoti yake ameyamaliza hapa hapa,
akianika karafuu za watu.

Pesa zikatoka, za vichwa vitatu.
Baba alizihesabu njiani, akazihesabu tena dukani kwa Mbarouk:
mchele, sabuni, changu wawili wadogo,
na nusu ya deni ikafutwa daftarini.

Usiku sinia likatua katikati ya mkeka.
Mikono sita.
Riziki, miaka saba, msomaji wa kila kibandiko,
akachora mstari wa kidole juu ya wali:
"Huku kwetu wenye vyeti. Huko kwenu."

Mama akalitazama tonge lake kama la kuazima.
Baba akakohoa.
Bibi ndiye aliyecheka, cheko lisilo na jino:
"Basi uambie na mchuzi usivuke."

Mchuzi ulikuwa umeshavuka.

Kesho narudi kwa sheha.
Anataka shahidi, mtu mzima,
aliyekuwapo nilipozaliwa.
Ninaye. Ndiye aliyenipokea kwa mikono yake,
na sasa amekaa ubavuni mwangu
anautafuta mwiba wa changu kwa ulimi.

Lakini shahidi, kasema sheha,
sharti awe na kitambulisho.